Kuishi na Kununua Nyumba Kisesa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nilihamia Kisesa mwaka 2015. Kabla ya hapo nilikuwa mpangaji Mabatini, chumba na sebule, maji ya foleni, na kodi iliyopanda kila Januari. Tangu nihamie, simu haziishi: "Dada, nimeonyeshwa kiwanja huko kwenu, nikichukue?" Mara nyingi anayeuliza tayari ana pesa mkononi, ya kikoba, ya kiinua mgongo au ya ng'ombe waliouzwa, na anataka kulipa kesho. Naumia kila ninapoona pesa ya namna hiyo inapotea kwa sababu tu mwenyewe hakuuliza maswali matatu au manne mapema. Mimi si wakili wala dalali, na sina kiwanja cha kuuza. Ni mkazi aliyenunua mara mbili: mara ya kwanza nikadhulumiwa, mara ya pili nikajenga.

Kisesa ni Mwanza au si Mwanza?

Ni Mkoa wa Mwanza, lakini ni Wilaya ya Magu. Jambo hili nitalirudia, kwa sababu ndilo linalowapoteza wengi. Ukitoka mjini kwa barabara ya Musoma unapita Mabatini, Buzuruga, Nyakato na Igoma, nyumba hazikatiki, na ukifika Kisesa, kama kilomita 18 kutoka katikati ya jiji, hujaona mahali mji ulipoishia. Kwa macho ni mji mmoja. Kwenye makaratasi ni mamlaka tatu: Igoma ni ya Jiji la Mwanza, Nyamhongolo ni ya Manispaa ya Ilemela, na Kisesa ni ya Halmashauri ya Wilaya ya Magu.

Kwa hiyo kazi na soko kubwa utavifuata Mwanza, lakini afisa ardhi wako, jalada la kiwanja chako na kibali chako cha ujenzi viko Magu mjini, upande ule mwingine unakoelekea Musoma. Ukionyeshwa kiwanja cha Kisesa chenye karatasi za jiji, usitoe hata shilingi mpaka karatasi hizo zimekaguliwa Magu.

Kwa nini watu wengi wanahamia huku?

Mwanza mjini ardhi imebanwa kati ya ziwa na majabali. Nyumba zimepanda milimani mpaka mahali ambapo tofali linabebwa kichwani. Huku ardhi ni pana, gari la mchanga linafika mlangoni, na bei ya kiwanja bado mtumishi wa kawaida anaiweza akijinyima. Pia kuna barabara ya lami ya Kisesa hadi Usagara. Mtu wa Kisesa anayekwenda Misungwi, Shinyanga au Sengerema haingii tena mjini, na tangu Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lifunguliwe Juni 2025, safari ya Sengerema na Geita haimsubirishi tena kivuko.

Ninunue moja kwa moja au nipange kwanza?

Panga kwanza, na msimu wa mvua ukukute ukiwa mpangaji. Vuli huanza karibu na Oktoba, masika Machi mpaka Mei. Kiwanja kilichokupendeza Agosti, kikavu na chenye upepo mzuri, kiende ukakione tena Aprili baada ya mvua ya usiku kucha. Utaona maji yanapita wapi, njia ipi haipitiki kwa bodaboda, na nani anatoa maji ndani kwa ndoo. Kodi ya miezi sita si pesa iliyopotea. Mimi nilipanga karibu na soko, na katika miezi hiyo nilijifunza mambo ambayo hakuna dalali angeniambia.

Kiwanja, boma au nyumba iliyokwisha, kipi ni bora?

Kiwanja kinakupa nafasi ya kujenga kidogo kidogo, na wengi wetu tumejenga hivyo: mwaka huu msingi, mwakani kuta, bati baadaye. Nyumba iliyokwisha inakuepusha na mafundi, ila ikague kama unavyokagua ng'ombe mnadani, bila haraka na pamoja na mtu anayejua.

Kinachohitaji tahadhari zaidi ni boma, yaani nyumba iliyoishia kwenye kuta au kwenye linta. Uliza kwa nini mwenyewe aliacha. Wapo walioishiwa pesa au waliohamishwa kikazi, na hao hawana neno. Wengine waliacha kwa sababu kuna kesi, au kwa sababu msingi ulianza kupasuka. Kuta zilizokaa misimu mitatu bila bati zimenyeshewa, na tofali za kuchoma ambazo hazikuiva vizuri huanza kumomonyoka kwa chini. Chukua msumari ukwangue tofali za mistari ya mwanzo. Zikitoa unga, punguza bei au achana nalo.

Kiwanja kilichopimwa na kisichopimwa vina tofauti gani?

Tanzania ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Tunachomiliki ni haki ya kuitumia. Haki hiyo ina sura mbili zinazotuhusu hapa. Kwa ardhi iliyopangwa na kupimwa, kuna hati miliki ya muda maalumu, miaka 33, 66 au 99, chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999. Kwa ardhi ya kijiji, kuna haki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo, ambayo inaweza kutolewa hati miliki ya kimila.

Kisesa vyote viwili vimechanganyika. Unaweza kusimama kwenye kiwanja chenye bikoni nne, yaani alama za mpaka za mpima ardhi, na namba ya kitalu, na mita mia mbili mbele ukakuta shamba la mihogo ambalo mipaka yake ni minyaa na mikonge iliyopandwa na babu wa muuzaji. Shamba lile si baya kwa sababu halijapimwa. Watu wengi huku, mimi mmoja wao, tulianza na ardhi ya namna hiyo. Lakini njia ya kulinunua si ile ya kiwanja chenye hati.

Chenye hati kinaanza na upekuzi: unaomba rasmi ofisi ya ardhi ikueleze jina lililoko kwenye daftari, kama kuna mkopo au zuio, na kama kodi ya pango la ardhi inadaiwa. Usikubali kupekuliwa na dalali. Nenda mwenyewe au tuma wakili wako.

Ardhi ya kijiji unaanzia kwa watu. Uhamisho unapaswa kupita kwenye halmashauri ya kijiji, yaani kikao chenye muhtasari ulioandikwa. Mhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi. Kwa sheria hiyo, mtu wa nje anayenunua anatakiwa awe anakusudia kuja kuishi au kufanya kazi kijijini hapo. Omba nakala ya muhtasari uone kama jina lako na vipimo vimeandikwa sawasawa.

Kuna hatari moja zaidi kwa ambacho hakijapimwa. Siku upimaji utakapopita, barabara, shule au eneo la wazi linaweza kuangukia juu ya kiwanja chako. Nenda Magu kabla ya kununua, uulize kama eneo hilo lina ramani ya mipango miji na kiwanja chako kinaangukia wapi.

"Hatua 20 kwa 20" ni ukubwa gani?

Inategemea hatua za nani. Mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400. Hatua 20 za mtu mfupi anayetembea taratibu zinaweza kuwa mita 14, na hapo kiwanja kimebaki mita za mraba 196, chini ya nusu. Ekari nayo huku huhesabiwa hatua 70 kwa 70. Ekari kamili ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo kila hatua inabidi iwe karibu sentimita 91. Nunua utepe wa mita 50, upime pande zote nne mbele ya majirani, na mkataba uandikwe kwa mita. Pande zote nne, kwa sababu viwanja vya mashamba ya zamani mara nyingi upande wa nyuma ni mwembamba kuliko wa mbele.

Nitajuaje kwamba muuzaji ndiye mwenye mali?

Hapa ndipo nilipoumia mimi. Mwaka 2012 nilionyeshwa kipande kizuri juu kidogo ya barabara. Muuzaji alikuwa mtu mzima wa heshima, mzaliwa wa pale, na kila aliyepita alimsalimia kwa jina. Nikaona ushahidi umetosha. Mashahidi walikuwepo, tukasaini, nikalipa. Miezi minne baadaye nilirudi na lori la mawe nikakuta mafundi wa mtu mwingine wanachimba msingi. Shamba lilikuwa la marehemu baba yao. Ndugu walikuwa watatu na hakuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa. Yule kaniuzia mimi, mdogo wake kamuuzia mwingine, na dada yao alikuwa hajaambiwa lolote. Pesa yangu ilirudi kidogo kidogo kwa miaka miwili, na haikurudi yote.

Tangu hapo nasema hivi. Kumjua muuzaji na kuijua haki yake ni mambo mawili. Muulize ardhi aliipataje. Kama aliinunua, akuonyeshe mkataba wake na akupeleke kwa aliyemuuzia. Kama alirithi, hitaji barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi, kisha warithi wote wakae mkutano mmoja, wasaini wote, dada zao pia. Msichana aliyeolewa Bariadi bado ni mtoto wa marehemu.

Halafu nenda kwa majirani wanaopakana na kiwanja, nenda peke yako, jioni, bila dalali. Usiulize "kiwanja hiki ni cha nani?" Uliza "mzee, hapa walikuwa wanalima nani zamani?" Utapewa historia nzima ukiwa umekaa kwenye kigoda, na kama kuna ugomvi utausikia.

Muuzaji anasema mke wake yuko safarini. Nimsubiri?

Msubiri. Nyumba ya familia haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda aliyebaki nyuma. Mke akija kulalamika baadaye, mahakama itamsikiliza. Kama ndoa ni ya wake wawili au watatu, jambo la kawaida huku, uliza shamba hili linalimwa na yupi, na huyo awepo siku ya kusaini.

Mwenyekiti anadai asilimia 10. Ni lazima?

Hakuna sheria inayompa mwenyekiti asilimia 10 ya bei ya ardhi. Ni mazoea yaliyoenea mpaka watu wakadhani ni kodi. Kama kuna ada halali ya kijiji, inakatiwa risiti ya serikali. Zungumza kwa adabu, kwa kuwa huyu utaishi naye, lakini omba risiti.

Mkataba uandikweje?

Mbele ya wakili, na ada yake usiiogope. Uwe na majina kamili na namba za vitambulisho vya taifa, vipimo kwa mita, majirani wa pande zote nne kwa majina na sahihi zao, bei yote na namna ilivyolipwa, picha za wahusika, na sahihi ya mwenza. Lipa kupitia benki. Noti zilizohesabiwa mezani haziachi alama.

Andikeni pia vitu ambavyo watu huviona vidogo. Mahindi yaliyomo shambani atavuna nani? Miembe inahamia kwa mnunuzi? Njia ya kufika kwenye kiwanja ni ya umma, au inapita kwenye shamba la shangazi yake ambaye kesho anaweza kuifunga kwa miiba? Suala la njia limegombanisha majirani wengi huku kuliko mpaka wenyewe.

Kwa ardhi yenye hati, wakili atajaza fomu namba 29, 30 na 35 za uhamisho na kuzipeleka ofisi ya ardhi. Mpaka jina lako liandikwe kwenye daftari, kazi haijaisha, hata kama hati halisi iko kabatini kwako.

Mbali na bei, nitalipa nini kingine?

Wakili, upekuzi, ada za usajili, na ushuru wa stempu ambao ni asilimia 1. Muuzaji anadaiwa kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Nyumba aliyoimiliki na kuishi miaka mitatu au zaidi husamehewa ikiwa faida haizidi shilingi milioni 15. Kubalianeni mapema nani anaibeba, maana wauzaji wengi hushtuka kuisikia TRA na kukusukumia wewe.

Ukishaingia, kila mwaka kuna kodi ya pango la ardhi kwa chenye hati. Kodi ya majengo, pale inapotozwa, hukatwa kwenye umeme wa LUKU: nyumba ya kawaida shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Mpangaji akikatwa hiyo, ni haki yake kuifidia kwenye kodi ya nyumba.

Udongo wa Kisesa ukoje? Naambiwa nyumba zinapasuka.

Swali hili ningependa liulizwe kwanza kabla ya bei. Wasukuma wana majina ya udongo, na majina hayo yana thamani kuliko maelezo ya dalali. Ukianzia juu, chini ya majabali, kuna *luseni*, udongo wa mchanga mwepesi uliotokana na mawe kumeng'enyeka. Ukishuka unakutana na *itogolo*, tabaka gumu lililofunikwa na udongo mwembamba. Bondeni kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi.

Luseni ni mahali pazuri pa kujenga. Maji yanazama, msingi unatulia. Shida yake ni jabali lililojificha. Unachimba shimo la choo, futi nne unagonga mwamba, na hapo inabidi kuwaita vijana wa kupasua mawe kwa moto, maji na nyundo, kazi ya siku nyingi. Kabla ya kununua, toa pesa kidogo kijana achimbe shimo la majaribio mahali utakapoweka choo. Mawe yenyewe si hasara, utayatumia kwenye msingi.

Itogolo inadanganya. Inaonekana ngumu na safi, lakini maji hayapenyi. Mvua ikinyesha kiwanja kinasimama kama sinia, na shimo la maji taka linajaa mapema kwa sababu hayana pa kwenda. Ujenzi unawezekana, ila panga mifereji na shimo kubwa zaidi.

Mbuga ndiyo inayopasua nyumba. Udongo huu ukinyonya maji unavimba, ukikauka unasinyaa na kuacha nyufa ambazo mkono unaingia. Nyumba iliyokaa juu yake inanyanyuliwa na kushushwa kila mwaka, na ukuta wa tofali hauna uvumilivu huo. Ukiona majaruba ya mpunga jirani, au migunga imejaa na ardhi ina nyufa Septemba, uko mbugani hata kama muuzaji kamwaga moramu juu. Anayejenga hapo lazima achimbe mpaka apite udongo mweusi na kukuta ardhi imara, ajaze moramu iliyoshindiliwa, afunge mkanda wa zege wenye nondo chini na mwingine kwenye linta, na udongo ule mweusi asiurudishe ndani ya msingi. Inawezekana, ninazo jirani nyumba mbili zilizojengwa hivyo na zimesimama vizuri. Lakini bei ya msingi inameza ile nafuu uliyoipata kwenye kiwanja.

Kuna makaburi kwenye kiwanja. Niache?

Si lazima uache, ila usinyamaze. Huku watu huzikwa nyumbani, na shamba la familia lisilo na kaburi ni nadra. Muulize muuzaji mbele ya ndugu zake: makaburi yatabaki na kipande chao, au yatahamishwa? Mara nyingi suluhisho la amani ni kuyatenga, kipande hicho kisiwemo kwenye vipimo vyako, na familia ibaki na njia ya kufika. Yaandikwe hayo. Kaburi lililosawazishwa kimyakimya ili kiwanja kiuzike litakuletea wageni wanaolia mlangoni, na watakuwa na haki.

Je, niangalie nini nikinunua karibu na ziwa au barabara kuu?

Kwa ziwa na mito, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Wanaotafuta viwanja vya ufukweni kuanzia Igombe mpaka Nyanguge wapime mita hizo wenyewe, tena wakumbuke mwaka 2020, maji yalipopanda na kufuata nyumba zilizokuwa "mbali".

Kwa barabara ya Musoma, hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Fremu ya duka iliyo ndani ya hapo itachorwa X siku barabara ikipanuliwa.

Maji na umeme vikoje?

Umeme upo. Swali la kuuliza TANESCO ni kama eneo lako linahesabiwa kijiji au mji, kwa sababu kuunganishwa kijijini ni shilingi 27,000, na mjini, ndani ya mita 30 bila nguzo, ni 320,960. Nguzo zikihitajika bei ya mjini inapanda sana, kwa hiyo hesabu nguzo kabla ya kununua. Anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi anaweza kuwa kwenye bei nafuu ya shilingi 100 kwa uniti. Akizoea kuvuka hapo anahamishiwa kwenye bei ya kawaida, 292.

Maji ya bomba yameongezeka tangu chanzo cha Butimba, chenye uwezo wa lita milioni 48 kwa siku, kianze kazi, lakini bomba kupita barabarani na maji kutoka kwako ni mambo tofauti. Muulize jirani maji yanatoka siku gani na saa ngapi. Kila nyumba ya maana huku ina simtanki na mfereji wa bati. Hesabu yake ni rahisi: bati la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 10 linakupa karibu lita 1,000. Mvua tatu nzuri za Novemba, tanki la lita 3,000 limejaa. Maji ya ziwani usiyategemee kwa kuoga watoto, kichocho kipo.

Usafiri, shule na hospitali?

Daladala zipo tangu alfajiri. Ugumu ni foleni ya asubuhi kuanzia Nyakato kushuka Mabatini. Anayeingia kazini saa moja na nusu asitoke Kisesa baada ya saa kumi na mbili. Mabasi ya Musoma ni Nyamhongolo, karibu tu. Ya Shinyanga, Dodoma na Dar es Salaam ni Nyegezi.

Shule za msingi na sekondari zipo, za serikali na binafsi, ila madarasa yanajaa kwa kasi ya watu wanaohamia. Tembelea shule siku ya masomo uhesabu watoto kwenye dawati. Kituo cha afya kipo Kisesa, na rufaa ni Sekou-Toure au Bugando. Mama mjamzito ajue usiku atapanda nini, na namba ya dereva iwe kwenye simu ya kila mtu nyumbani.

Mimi si Msukuma. Nitapokelewa?

Vizuri sana. Jifunze kusema "mwangaluka" asubuhi na "mwadila" mchana, na usimpite mzee bila kusimama. Salamu huku haziendi mbio. Ukihamia, mtafute balozi, ingia kikundi cha kuzikana, na ukiitwa kwenye msiba nenda, hata kwa saa moja. Mgeni aliyejenga ukuta mrefu na haonekani msibani hubaki mgeni.

Chakula utakipenda: sato na dagaa kutoka ziwani, michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, sokoni baada ya mavuno. Na mwezi Juni usipange kulala mapema. Bujora, hapo hapo Kisesa, yapo Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa miaka ya 1950 na Padri David Clement, Mkanada, na kila mwaka Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma, huleta wachezaji wa vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, wakishindana kwa ngoma na nyoka. Wapo wanaolalamikia kelele. Mimi nawapeleka wanangu.

Benki inaweza kunikopesha?

Kwa ardhi yenye hati, ndiyo, ikiambatana na tathmini ya mali na ridhaa ya mwenza. Kwa isiyopimwa, benki kwa mkopo wa nyumba itakukatalia, ndiyo maana wengi hutumia mkopo wa mshahara au kikoba. Usikope kwa riba ya kila mwezi ili ununue kiwanja ambacho hutajenga kwa miaka mitano.

Nikidhulumiwa nianzie wapi?

Anza Baraza la Kata kwa usuluhishi. Halitoi hukumu siku hizi, lakini linapaswa kujaribu kupatanisha. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na rufaa huenda Mahakama Kuu. Usikae na kinyongo nyumbani: madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12. Nilipodhulumiwa nilipoteza miezi saba nikiona aibu kusema. Ukipatwa na hili, sema siku hiyohiyo, kwa mwenyekiti, kwa majirani, kwa maandishi.

Nimelipa na kusaini. Nifanye nini wiki ya kwanza?

Weka alama. Kama hakuna bikoni, simika mawe yaliyojengewa zege kwenye kona zote nne, majirani wakiwepo, na upige picha zao wakiwa wamesimama hapo. Panda miti au minyaa mpakani, ukijikinga macho na utomvu wake. Weka kibanda, lima hata bustani ya mchicha, mwombe jirani apitishe macho na umlipe chochote. Toa nakala tatu za mkataba, moja ikae kwa mtu unayemwamini nje ya nyumba yako. Halafu panda gari asubuhi uende Magu, uulize upimaji wa eneo lako umefikia wapi na unatakiwa kuleta nini, na usiondoke bila kuandikisha jina lako.